Shajara ya mradi: kikundi cha malezi na michezo cha watoto wadogo, Ndosho, Goma

Shajara hii ni kwa kikundi chochote cha Goma au jirani kinachotaka kuanzisha kazi ya namna hii. Tunapokea watoto wa miezi 6 hadi miaka 4, kila mmoja pamoja na mtu anayemlea, mara mbili kwa juma. Mama wanne wa kartie (mtaa) wanaongoza, RECO (wahudumu wa afya wa kujitolea wa jamii) wawili wa kituo cha afya wanasaidia, hakuna anayelipwa. Fedha zimetoka kwenye MUSO (vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana) mbili na kwenye sadaka ya parokia. Bei tumeziandika kwa dola, kwa kiwango cha mwaka 2022, faranga 2,000 kwa dola moja.

Mfumo wa malezi ya watoto wadogo uliotolewa mwaka 2018 na WHO, UNICEF na Benki ya Dunia unataja mambo matano: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yanayomsikiliza mtoto, usalama, na nafasi ya kujifunza mapema. Vitabu huanza na lishe. Hapa kwetu juu ya mawe ya lava ya volkano, usalama ndio uliotangulia.

12 Machi 2022: kiwanja

Tulipewa viwanja viwili bure. Cha kwanza, upande wa Kyeshero karibu na ziwa, kilipendeza macho: tambarare, kivuli cha miparachichi, maji si mbali. Tulikikataa kwa sababu ya mazuku. Kiko ndani ya bonde dogo, na mahali fulani nyasi zilikuwa zimekauka ilhali za ukingoni ni za kijani. Chini kabisa walilala mijusi wawili na ndege mmoja, wamekufa bila jeraha. Ukiona hivyo usitafute ushahidi mwingine.

Mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye nyufa za mwamba. Ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi chochote, huku mtoto anayetambaa miguuni pake amekwisha kuzama ndani ya gesi. Wengi hupima kwa mshumaa. Kwa mahali pa watoto, kipimo hicho hakifai: mshumaa ukizimika, gesi imeshapita kiwango cha hatari zamani, na usipozimika saa nane mchana penye upepo, haukuambii lolote juu ya saa kumi na moja alfajiri. Afadhali kuuliza majirani kama wamewahi kupoteza kuku au mbuzi hapo, na kuuliza Observatwari ya Volkano ya Goma (OVG), maana ndiyo kazi yao.

Kiwanja cha pili ni banda la mbao la mita 6 kwa 4 hapa Ndosho, juu ya mwinuko, mabati mazima. Chini ni lava tupu.

2 Aprili 2022: sakafu

Jaribio la kwanza lilikuwa la bei rahisi: kuvunja ncha za mawe kwa nyundo, kujaza kokoto nyeusi laini, kutandika turubai, na juu yake mikeka sita ya mafunjo. Gharama dola 36. Haikufika mwisho wa mwezi. Kokoto za lava zina makali kama kioo, kwa hiyo kila goti na kila mguu wa kigoda uliitoboa turubai. Mikeka ya mafunjo ilinyonya mkojo, na kwa baridi ya usiku wa Goma haikukauka hadi asubuhi. Ikaoza kwa chini, ikaanza kuzaa viroboto.

Jaribio la pili ni zege la unene wa sentimita 5:

- saruji magunia 8 ya kilo 50: dola 104
- mchanga na kokoto: dola 40
- fundi na wasaidizi: dola 35
- maji, bidoni (madumu) 25 zilizoletwa kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili: dola 5
- mikeka minne mikubwa ya plastiki: dola 28

Jumla dola 212. Mambo matatu ya kuangalia. Kokoto za lava zina matundu na hunywa maji ya zege, hivyo zimwagiliwe jioni ya kuamkia kazi. Kipande cha kwanza kilichomwagwa na kokoto kavu kilipasuka na kikarudiwa. Sakafu iinamie mlangoni, sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo maji ya kuoshea yatabaki katikati. Na ifunikwe kwa magunia mabichi juma zima kabla mtu hajaikanyaga, hata kama fundi anasema siku mbili zinatosha.

Saruji ni baridi, na mtoto wa miezi 7 aliyekalishwa juu yake hulia, mama akadhani hapendi kucheza. Chini ya mikeka ya plastiki tumetandika maboksi ya katoni yaliyokunjuliwa, mapande mawili mawili. Yanaanikwa kila Jumamosi na kubadilishwa yakianza kunuka. Madukani wanayatoa bure.

23 Aprili 2022: vitu vya kuchezea

Hatukununua mdoli wala gari. Karibu kila kitu kimetoka kwa maseremala, mafundi wa pikipiki na masanduku ya kitenge chakavu. Gharama yote dola 27, na nyingi ya hiyo ni msasa, uzi na misumeno midogo.

Kabla ya kutengeneza chochote, kata kipande cha bomba la PVC la milimita 40, urefu wa sentimita 6. Kila kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo hakiingii bandani. Kwa kipimo hiki vilianguka vitu vilivyopendwa kuliko vyote: vifuniko vya chupa za soda, vishada vya shanga na punje za maharagwe. Kina mama walinung'unika kuhusu vifuniko, kwa sababu kila mtoto wa Goma huvichezea barabarani. Vimebaki nje.

Vipande vya mraba ni vya mkaratusi, sentimita 5 kila upande, vimepigwa msasa namba 80 kisha 120, vimeoshwa na kuanikwa bila rangi. Fungu la kwanza lilitupwa lote. Seremala alikuwa ametupatia mabaki ya ubao wa ukuta, na ubao huo ulikuwa umepakwa oili chakavu ya injini ili usioze, kama wengi wanavyofanya hapa. Ukinusa unajua, usiponusa, mtoto ataunyonya. Uliza kwanza kama mbao ni mbichi kutoka msumenoni.

Kayamba ya chupa ilitusumbua zaidi. Chupa ya sentilita 33 yenye mahindi ndani inalia vizuri, lakini mtoto wa miaka miwili hufungua kifuniko kabla hujageuka. Gundi ya dukani iliachia ilipoloweshwa mate. Waya ulichoma. Kilichofaulu ni kufunga shingo ya chupa kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, kuvuta kwa nguvu na kuzungusha mara tano au sita, halafu chupa nzima kushonewa mfuko wa kitenge kwa mshono wa kurudia. Usijaze mahindi zaidi ya theluthi moja, ikijaa hailii.

Kitu kinachotumika kuliko vyote hakikutengenezwa: sufuria ndogo mbili na kijiko cha mbao. Vinaingia, vinatoka, vinagongwa. Ungekuwa na dola mbili tu, nunua hivyo.

14 Mei 2022: saa

Saa tatu asubuhi ilichaguliwa kwa sababu RECO wako huru saa hiyo. Waliofika ni kina mama wasiokwenda sokoni, yaani wale waliokuwa na muda wa kukaa na watoto wao tayari. Anayenunua sambaza (samaki wadogo wa ziwa) kwenye soko la Kituku huondoka nyumbani giza halijaisha. Wa soko la Virunga na Alanine hawarudi kabla ya saa tisa. Hao ndio tuliowakusudia, na hawakuonekana.

Kuanzia mwezi huu ni saa kumi hadi saa kumi na moja na robo, Jumanne na Ijumaa. Zaidi ya hapo haiwezekani, kwa sababu saa kumi na mbili giza linaingia na babula (majiko ya makaa) zinasubiri kuwashwa. Mpango wa dakika 75 ni huu: kunawa, wimbo wa kuingia unaotaja kila mtoto kwa jina, mchezo huru dakika 30, jambo moja la kumfundisha mlezi dakika 15, wimbo wa kutoka. Mpangilio haubadiliki hata mvua ikinyesha. Mtoto wa miaka miwili hana saa, ila anajua kinachofuata nini, na hilo pekee linapunguza vilio vingi.

Katika zile dakika 15, hotuba ni marufuku. Mwezeshaji anaketi chini pembeni ya mlezi mmoja na mtoto wake, anamwomba afanye kitu na mtoto, anaangalia, kisha anamwambia alichokifanya vizuri. Anaongeza jambo moja tu. Mabango ya michoro tuliyoyakopa mahali pengine yalionyesha mama ameketi kwenye kochi, zulia chini, rafu ya vitabu nyuma. Kina mama waliyatazama kwa heshima na hawakuona linalowahusu. Kijana wa kartie amechora mengine kwa dola 18: mama anachambua mboga ya lenga-lenga na mtoto kashika jani, baba anasukuma chukudu na mtoto kakaa juu, bidoni, babula, kamba ya nguo. Sasa wanabishana juu ya picha, na ndicho tulichotaka.

11 Juni 2022: uji

Hapa ndipo makosa yalikuwa mengi, basi tutaeleza kwa urefu.

Unga ni masoso: mahindi kilo 10, soya kilo 5, mtama kilo 5. Gharama ya fungu moja, pamoja na kinu na makala (makaa), ni dola 20. Baada ya kuchambua, kumenya na kukaanga zinabaki kama kilo 17. Kwa gramu 120 kwa lita, ni lita 140 hivi, yaani vikombe 700 vya mililita 200.

Fungu la kwanza liliharisha watoto. Soya ilikuwa imekaangwa juu juu, maganda yake yakiwa na rangi ya dhahabu ila ndani mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na ladha yake ni chungu. Hatua sasa ni hizi: chambua, loweka usiku mzima, mwaga maji, chemsha dakika 30, sugua maganda yatoke, anika hadi ikauke kabisa, ndipo kaanga kwa moto mdogo. Vunja punje moja kwa meno: ikiwa katikati pana rangi ya kijani au ladha ya jani, rudisha jikoni. Kinuni peleka mahindi kwanza na soya mwisho, au ichanganye na mahindi; ikienda peke yake mafuta yake yanaziba chekeche na mwenye kinu atakufukuza.

Mahindi yenye doa jeusi, kijani au yaliyosinyaa yanatupwa, hata kuku wasipewe. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchemsha. Unga wa soya huchacha haraka, hivyo tunasaga fungu dogo na hatuliweki zaidi ya mwezi.

Kosa lililoenea zaidi ni uji mwepesi. Mama anaogopa mtoto atapaliwa, anaongeza maji, na tumbo la mtoto linajaa maji. Uji wa mtoto unatakiwa ubaki kwenye kijiko ukikiinamisha kidogo. Kwa mtoto mdogo asiyeweza uji mzito tunatumia kimea cha mtama. Mtama unalowekwa, unafunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka uchipue, unaanikwa, kisha unasuguliwa kwa mikono na kupepetwa hadi mizizi na vichipukizi vyote vitoke. Hatua hii haina njia ya mkato: vichipukizi vya mtama vina kemikali inayotoa sayanaidi. Punje zilizobaki ndizo zinasagwa.

Pika uji mzito sana, gramu 200 kwa lita. Epua, acha upoe mpaka uweze kuonja bila kuungua, tia kijiko kimoja kikubwa cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika kumi uji unalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Rudisha motoni uchemke tena kidogo, ndipo umpe mtoto. Wanaolalamika kwamba kimea hakifanyi kazi karibu wote wamekitia uji ukiwa bado unatokota, moto umekiua.

Kijiko kikubwa cha unga wa samaki kinaingia katika kila kikombe. Sambaza wakati wa mbalamwezi ni haba na ghali, kwa kuwa wavuvi wa Kivu huwavuta kwa taa na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu. Nunua kabla ya mwezi kukomaa, kausha, kaanga, twanga pamoja na vichwa. Ndagala (dagaa) wakavu wa gunia wana mchanga. Waoshwe haraka na kuanikwa tena kabla ya kutwanga, la sivyo mtoto atatema kijiko cha kwanza na hatakubali cha pili.

Shida ya mwisho ilikuwa ya watu. Uji huvuta watu, ila huwavuta kwenye sufuria. Walikuja watoto wa miaka tisa na vikombe vyao, wengine waliachwa mlangoni na mama akaondoka, na saa ya michezo ikawa foleni. Sasa hatugawi uji kila siku ya kukutana. Mara moja kwa majuma mawili mama watatu wanapika kwa zamu mbele ya wenzao, watoto wanakula, na anayetaka unga ananunua kilo kwa faranga 1,000, chini kidogo ya nusu ya gharama. Nyumbani anapika mwenyewe: mara 2 hadi 3 kwa siku mtoto akiwa na miezi 6 hadi 8, mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9, na kunyonya kunaendelea. Mahudhurio yalishuka kwa juma kadhaa, yakarudi, na waliorudi wanakaa.

9 Julai 2022: mkanda wa mkono

Ili kugundua utapiamlo, kila mlezi apime kwa mkanda mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto nyumbani mara moja kwa mwezi: chini ya milimita 115 ni nyekundu (utapiamlo mkali), 115 hadi chini ya 125 ni njano (wa wastani), 125 na zaidi ni kijani. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 tu.

Mikanda ya kituo cha afya haikutosha, kwa hiyo ilitolewa kopi kwenye karatasi ngumu. Mashine ilipunguza picha ili itoshee ukurasani, hadi asilimia 95, na jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Mtoto mwenye mkono wa milimita 120 akasomeka 126, kijani. Wa 112 akasomeka 118, njano, wakati alipaswa kwenda UNTA (huduma ya kutibu utapiamlo mkali bila kulazwa) siku ile ile. Iligunduliwa RECO alipopima tena kwa mkanda wa plastiki. Kopi zote zimechomwa. Mkanda wowote mpya uwekwe kwanza juu ya rula ya shule: sentimita 10 za mkanda ziwe sentimita 10 za rula. Karatasi hata ikiwa sahihi hulegea ikilowa, basi tunasubiri ya plastiki na kwa sasa mkanda mmoja unazunguka nyumba tano.

Kupima miguu kama imevimba kunasahaulika. Bonyeza nyayo zote mbili kwa juu na vidole gumba, hesabu sekunde tatu, achilia. Shimo likibaki miguu yote miwili, mtoto anakwenda kituoni leo, hata kama mkanda ni kijani na mashavu yamejaa. Mashavu hayo ndiyo yanayodanganya.

Kabla ya kumtuma mtu, piga simu kituoni kuuliza kama chakula cha tiba kipo. Mama akienda mara mbili na kukuta rafu tupu, mara ya tatu haendi.

13 Agosti 2022: dada wakubwa

Miezi minne tulikuwa tunawafundisha kina mama, na mchana kutwa watoto hawako na mama. Wako mgongoni mwa dada wa miaka tisa au kumi, au kwa nyanya asiyetoka nyumbani. Shule nyingi hapa zina zamu mbili, asubuhi na mchana, na nusu siku inayobaki ya msichana ni ya mdogo wake.

Sasa kila Jumamosi saa nane kuna saa moja na nusu ya dada na kaka wakubwa. Nusu yake ni mchezo wao wenyewe, kamba na mpira, bila mtoto mgongoni. Mama mmoja na nyanya wawili wanawashika wadogo. Bila nusu hiyo hatungekubali kufanya nusu ya pili, kwa sababu nao ni watoto.

Wanachojifunza kinaingia katika kazi zao. Mtoto akitoa sauti, mjibu kwa sauti ile ile, nyamaza, subiri zamu yake. Taja kila kitu unachochambua. Jifiche nyuma ya kitenge kisha tokea. Wasichana walikishika kwa dakika chache kile ambacho watu wazima walikionea haya kwa majuma.

Sehemu ngumu ni babula. Imewekwa chini, kimo chake ni kimo cha mtoto anayejifunza kusimama, na sufuria ya maharagwe inakaa juu yake saa tatu. Tuliweka kanuni ya kuchora mduara wa makala kuizunguka, hatua mbili za mtu mzima. Mduara ulifutika kwa miguu siku ya kwanza. Mawe manne makubwa ya lava yaliyopangwa kuizunguka hayafutiki, na hayagharimu kitu. Aliye chini ya miaka minane asiachiwe mtoto na moto kwa pamoja.

Mtu akiungua: maji safi ya baridi dakika 20, mfululizo. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Swali la kwanza la wasichana lilikuwa la haki: maji gani, wakati bidoni inanunuliwa? Tulipima. Kikombe cha lita moja kikimwagwa polepole kwa dakika moja, dakika 20 ni bidoni moja ya lita 20. Beseni likiwekwa chini, maji hayo yatafua nguo. Hesabu hiyo ilieleweka kuliko bango lolote.

10 Septemba 2022: akina baba na sanduku jekundu

Mikutano ya akina baba bandani ilileta watu wawili, wote wazee wa parokia. Mazungumzo yalihamia kwenye maegesho ya pikipiki, saa sita na nusu wakati abiria ni wachache, dakika 15 na mada moja. Mada iliyoshika ni cheti cha kuzaliwa, kwa vile kwa sheria mtoto anaandikishwa bila malipo ndani ya siku 90, na baada ya hapo ni mambo ya mahakama, gharama na kuzungushwa. Karatasi ya maternite (wodi ya uzazi) kwa kawaida iko mfukoni mwa baba. Baba akienda kuandikisha mara moja, kwenye chanjo za juma la 6, 10 na 14 na ya miezi 9 anakumbuka mwenyewe. Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) mmoja amejitolea kubeba kwa nusu bei mama yeyote anayekwenda chanjo, na wenzake wanamtania, lakini wawili wamemfuata.

MUSO zetu zina sanduku la kijani la mikopo na sanduku jekundu la msaada. Jekundu lilikuwa lilipie safari ya mtoto mgonjwa usiku, ila kila lilipojaa lilimalizwa na msiba. Huwezi kuwaambia watu wasizike. Tumeongeza kopo la watoto pekee, faranga 200 kwa mwanachama kwa juma, lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wa avenyu tofauti. Kosa lilikuwa moja: funguo tatu usiku wa manane hazikutani. Sasa faranga 20,000 zinakaa nje ya kopo, kwa mama anayeishi karibu na barabara kuu, na daftari linasainiwa asubuhi.

8 Oktoba 2022: hesabu, na choo

Matumizi hadi leo: turubai na mikeka iliyopotea 36, sakafu 212, vitu vya kuchezea 27, bidoni mbili za kunawia zenye bomba 12, michoro 18, mafungu matano ya masoso 100. Jumla dola 405. Unga uliouzwa umerudisha 30. Tangu mji wa mpakani wa Bunagana utekwe na waasi wa M23 mwezi Juni bidhaa za Rutshuru zimepanda bei, na fungu la sita halitafanyika kwa dola 20.

Nyumba kadhaa za kartie zimepokea jamaa waliokimbia vita kutoka Rutshuru, na watoto wao wameanza kuja. Bidoni tupu ikianguka, wengine wanajikunja au kukimbilia mlango. Kona moja imefungwa kwa pazia la kitenge, na anayetaka anakaa humo na mlezi wake bila kuulizwa kitu. Hatumwombi mtoto asimulie wala kuchora alichokiona. Wimbo ni ule ule, mpangilio ule ule. Mtoto asiyekula, asiyecheza au aliyeacha kusema kwa majuma kadhaa anapelekwa na RECO kwa mhudumu wa kisaikolojia wa kituo.

Kilichobaki ni choo. Kwenye lava shimo halichimbiki, hivyo choo cha kiwanja kimejengwa juu, ngazi tatu za sentimita 25, na tundu lake limekatwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili hapandi, na akipandishwa anaogopa tundu. Wamekuwa wakijisaidia nyuma ya banda, sehemu ile ile wanayotambaa. Kwa sasa tunatumia poti za watoto za bidoni ya lita 5 iliyokatwa katikati, ukingo ukivishwa mpira wa tairi ili usikate, jivu chini, na mlezi anamwaga chooni na kunawa. Fundi ameahidi kigae cha zege chenye tundu la sentimita 12, chini karibu na ukuta, na bomba la kuteremsha uchafu ndani ya choo. Bomba tayari lipo, saruji gunia moja bado haijanunuliwa.